Fundi wa Hori la Farasi

Fundi alikuwa anaonja chokaa. Alichota kwa ncha ya kidole, akaiweka ulimini, akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi wa harusi, kisha akasema, "Bado," au akasema, "Haya, imekuwa." Mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo nilikuwa bibi harusi wa wiki mbili hapa mtaa wa Mukendo. Nilikimbia ndani kumwambia mume wangu kwamba jirani yake anakula ukuta. Mume wangu alikuwa mshonaji, na hakupenda kusumbuliwa akiwa ameshika sindano kwa meno. Alinijibu kwamba jirani anajua anachofanya. Siku ile sikukubali, na hadi leo nimekubali nusu tu.

Mafundi walikuwa wengi Musoma wakati ule wa Mwingereza. Walikuwapo wa baiskeli, wa mitumbwi, wa cherehani kama huyo wangu. Lakini ukisema "Fundi" bila kuongeza neno, mtu yeyote alikuonyesha nyumba moja ya mawe yenye mlango mfupi. Jina lake la kuzaliwa nililisikia mara moja tu, kwenye nikaha ya binti yake, na nusu ya wageni waligeuka kutazama anayetajwa ni nani.

Fundi alikuwa mfupi. Nalisema hili mapema kwa sababu habari yangu yote imesimama juu ya ufupi wake. Mimi si mrefu, lakini tukisimama pamoja kofia yake ilinifika sikioni. Na kila kitu alichokijenga, alikijenga kwa kipimo cha mwili wake, bila haya na bila kuuliza mtu. Mlango wake mwenyewe uligonga vichwa vya Mukendo nzima. Ukimwona mtu ana nundu kwenye paji la uso, humpi pole, unamuuliza tu Fundi hajambo. Hata imamu aliwahi kuhutubia Ijumaa moja na nundu yake, na watu waliinamisha nyuso kwa unyenyekevu ambao haukuwa unyenyekevu.

Kwa asiyejua, pima ni urefu wa mikono miwili ikinyooshwa huku na huku, toka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Kwa waashi wa mawe desturi ilikuwa moja: mwenye kazi ndiye mwenye pima. Ukimkabidhi fundi nyumba, umeikabidhi mikono yake, na huwezi kumletea futi ya dukani, maana ni kama kumwambia avae suruali ya mtu mwingine. Fundi alishika kamba, akainyoosha kifuani, akafunga fundo kila ilipoishia mikono yake, na kamba hiyo ndiyo ikawa sheria. Ukilalamika baadaye, alikujibu maneno matatu aliyoyasema kila siku ya maisha yake: "Hapo nimepima mimi."

Mzee mmoja wa Butiama mwenye ng'ombe wengi alimwagiza nyumba ya pima sita kwa nne. Nyumba ikaisha, nzuri, kuta zake zimenyooka kama mstari wa daftari. Wakaingiza kitanda chumbani na mlango ukakataa kufungwa, ikabidi mzee alale miguu ikiwa nje kama mgonjwa anayesubiri machela. Fundi aliitwa. Alitembea toka Musoma mpaka Butiama, akaingia, akatazama kitanda kwa makini, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, na ushauri wake ukawa kwamba kitanda kikatwe. Mzee yule alicheka mpaka akashika nguzo, akamchinjia kuku, na kitanda kikakatwa kweli.

Siku moja nilimuuliza mke wake anavumiliaje. Mke huyo ndiye alikuwa kichekesho kikubwa kuliko vyote, kwa kuwa alikuwa mwanamke mrefu, anamzidi mumewe kichwa kizima, na kwa miaka yote ya ndoa yao alikuwa anainama kuingia nyumbani kwake. Aliniambia kwamba ndiyo njia pekee Fundi aliyoipata ya kumfanya ampigie magoti.

Fundi hakuwa mtu wa maneno mengi kwa watu. Kwa mawe alikuwa nayo. Jiwe la zamani aliliamkia shikamoo, jiwe jipya akaliuliza limelalaje. Saruji aliichukia, akisema ni uji wa wavivu, na nyumba iliyojengwa kwa saruji hakukubali hata kunywa maji ndani yake. Lakini mkewe alipofua mkeka wa sebuleni nikaona kwa macho yangu: sakafu yake yote ilikuwa saruji, laini, inang'aa. Fundi alifuata macho yangu, akasema hiyo aliletewa kama zawadi na angefanya nini, angeitupa? Nilikwenda kuchekea jikoni kwangu.

Sasa nifike kwenye Hori la Farasi.

Pale chini, barabara ya boma inapoinama kuelekea ziwani, palikuwa na mjengo wa mawe ulioachwa na Mjerumani. Juu yake palikuwa na beseni na midomo mitatu ya shaba ya kunywesha watu. Chini yake palikuwa na hori refu la kunywesha farasi na nyumbu wa maaskari wake. Maji yalishukaga toka chemchemi ya mlimani kwa bomba lililopita chini ya ardhi. Vita vya kwanza vilipofika, Mjerumani alifunga koki, akaifukia, akaenda zake. Farasi walikufa kwa ndorobo, nyumbu sijui walikwenda wapi. Tangu siku hiyo hori halikuona tone. Mimi nimeolewa nimelikuta linaanikiwa dagaa na mama mmoja wa kijiji cha ziwani, mwenye sauti kubwa, aliyeamini kabisa kwamba Mjerumani alilijenga kwa ajili yake. Mimi mwenyewe niliuzia vitumbua vyangu pembeni, na mkaa wangu niliuhifadhi kwenye beseni la watu.

Kila Ijumaa baada ya sala Fundi alipita hapo. Aligonga jiwe la hori kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema, "Lipo." Kisha alinunua vitumbua viwili, akanisimulia tena jinsi alivyolijenga yeye alipokuwa na nguvu zake, yeye na Mjerumani mmoja mkorofi, na jinsi alivyoificha koki ile kwa mikono yake. Nyuma ya mjengo, juu kupita kichwa cha mtu mrefu, palikuwa na alama ya kiganja iliyogandishwa kwenye chokaa, maana fundi wa mawe akimaliza kazi huacha kiganja chake mgongoni mwa kazi. Kiganja hicho kilikuwa kikubwa kama sahani ya pilau. Nilimuuliza Fundi mbona chake ni kidogo. Alikitazama chake, akakigeuza, akaniambia kwamba chokaa hunyonya mkono, na baada ya miaka mingi mkono hunywea. Nilimwamini kwa muda wa kitumbua kimoja.

Sote tulijua Fundi anatia chumvi. Lakini chumvi ile ilikuwa yetu, hakuna aliyetaka kumnyang'anya.

Ndipo Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita mkuu wa wilaya, akaitisha baraza. Alikuwa Mwingereza mwembamba mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Alisema malori ya pamba hayawezi kugeuka pale chini kwa sababu ya lile hori, kwa hiyo litavunjwa, mawe yatatumika kujaza mashimo barabarani. Mtu mmoja akasema ni kitu cha zamani. Bwana Shauri akajibu kwamba yeye anapenda vitu vya zamani, lakini mahali pa maji pasipo na maji ni jiwe baya tu, na Bwana Mkubwa wa jimbo atakuja toka Mwanza mwezi ujao ukiandama, naye hataki mkubwa wake aone jiwe baya.

Fundi alisimama, na watu wa nyuma hawakujua kama amesimama. Akasema hori litatoa maji kabla Bwana Mkubwa hajafika, na watu watakunywa juu na farasi watakunywa chini kama ilivyokuwa. Koki anajua ilipo. Toka pembe ya hori, pima thelathini na mbili kufuata barabara kwenda juu, kisha pima kumi na nane kushoto. Bwana Shauri akamuuliza amejuaje. Mnajua alichojibu.

Wanawake tulipiga vigelegele mpaka tarishi akaziba masikio. Mnielewe. Ziwa haliko mbali, lakini kwenda ni mteremko na debe tupu, kurudi ni mlima na debe limejaa, na mwaka ule mamba alikuwa amemchukua mbuzi pale pale tunapochotea. Maji ya kutoka mdomo wa shaba mlangoni kwetu ilikuwa ndoto niliyoiota mimi na kichwa changu chenye upara wa ngata ya kubebea debe. Bwana Shauri alikubali. Alimpa Fundi mpaka mwezi ukiandama, akatoa na onyo kwamba barabara ya Serikali isiguswe hata kwa ncha ya jembe. Kwa hiyo habari ya kulifuata bomba toka kwenye hori ilikufa hapo hapo, kwa kuwa bomba lilipita chini ya barabara, na ng'ambo yake lilikata kona katikati ya majabali kama nyoka. Palibaki kumbukumbu ya Fundi tu.

Wiki zile mbili za kwanza sijawahi kuona mji umefurahi vile. Fundi aliteremsha hori jiwe moja moja, akalipa kila jiwe jina, akalirudisha mahali pake. Sisi wanawake tulibeba chokaa tukiimba nyimbo ambazo waume zetu walijifanya hawazisikii. Yeye alipita katikati yetu akionja kila karai, ulimi wake mweupe kama wa ndama anayenyonya. Midomo ya shaba aliisugua kwa ndimu na majivu mpaka ukijitazama unajiona una pua tatu. Beseni la watu alilijenga upya, na kwa kuwa mwenye kazi ndiye mwenye pima, likatoka chini kidogo kuliko zamani, usawa wa kifua chake. Kitu kimoja tu hakukigusa. Kile kiganja cha nyuma alikipandia debe, akakizunguka kwa mwiko taratibu, akakisafisha kwa kitambaa chenye maji, akakiacha.

Mama wa dagaa alikataa kuhamisha dagaa wake. Alisema siku maji yakija, ataona. Fundi alijenga akiwazunguka.

Likabaki la maji. Alinyoosha kamba yake, akapanda na barabara akihesabu, akakata kushoto akihesabu, na mji mzima nyuma yake. Pima ya kumi na nane iliishia ndani ya banda langu la kuku.

Niliwatoa kuku. Wakachimba siku mbili mpaka wakagonga mwamba, wakapata mfupa wa mbuzi na kijiko nilichompigia mume wangu kelele mwaka mzima. Fundi akasema labda ilikuwa pembe ile nyingine ya hori. Wakapima tena, wakachimba njia ya punda, na punda watatu wa mfanyabiashara mmoja, mtu wa Kabasa kule Bunda aliyekuwa analeta chumvi na magadi, wakagoma kupita, wakalia kwa zamu kutwa nzima. Akasema labda ilikuwa katikati ya hori. Wakachimba shamba la muhogo la jirani. Mashimo yakawa matatu, kuku wangu wanataga chini ya kitanda, na watoto wanacheza michezo ya kujificha mashimoni, lakini koki hakuna.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo. Wiki chache kabla ya baraza la Bwana Shauri, alikuja barazani kwetu mkulima mmoja wa Bugwema kushonesha koti la harusi yake ya kanisani. Mimi ndiye niliyekuwa ninawapima wateja huku mume wangu anaandika, na yule bwana alipofungua mikono ili nimpime, futi yetu ya utepe iliisha kabla yeye hajaisha. Mume wangu alitazama kitambaa kwa huruma, akaniambia tutahitaji kuongeza. Yule mrefu akacheka, akasema, "Hii mikono ni ya baba. Marehemu alikuwaga hivi hivi. Ndiye alijenga pale farasi wa Mjerumani walikuwaga wanakunywa." Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi letu na kikombe cha kahawa. Alikiweka chini kikiwa kimejaa, akasema amesahau kitu nyumbani. Mimi nilifikiri ni jiko.

Siku ya shimo la tatu ndipo kahawa ile ilipozunguka kichwani mwangu na kunikalia sawa. Nilisimama juu ya banda langu lililobomolewa nikatazama kile kiganja cha nyuma ya hori, kikubwa kama sahani, na nikamtazama Fundi akifunga kamba yake mafundo mapya, mafundo yale yale. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Mtu huyu alikuwa amesema uongo mdogo kwa miaka mingi mpaka ukaota mizizi, na sasa alikuwa anauchimbia mashimo.

Hakuna aliyeliunganisha hilo ila mimi na yeye. Kama ningesema mimi, maji yangepatikana na Fundi angekwisha. Kila ukuta alioujenga toka hapa mpaka Butiama watu wangeuuliza kama kweli amepima yeye. Kama nisingesema, hori lingevunjwa, nami ningerudi kwa mamba. Na siku zilikuwa zimebaki nne. Vibarua wa Bwana Shauri wenye nyundo walishafika, wamekaa kivulini, wanakula vitumbua vyangu wakisubiri.

Fundi akajifungia. Siku mbili hakutoka hata kusali. Nilikwenda, nikagonga kichwa mlangoni kama kawaida, nikamkuta amekaa kwenye ule mkeka juu ya ile saruji, kamba iko magotini. Sikumwambia neno la pima. Nilisema tu, "Fundi, yule bwana wa Bugwema anakuja kesho asubuhi kuchukua koti lake."

Hakunitazama. Alifungua fundo moja la kamba, akalifunga tena. Kisha akauliza, "Shemeji, koti limetoka vizuri?"

Nikamwambia limetoka vizuri, ila mikono ilimaliza kitambaa.

Kesho yake watu walikuwa wengi barazani kwetu kuliko koti moja linavyostahili, maana Mukendo ikinusa jambo haikai nyumbani. Yule mrefu alikuwa ndani ya koti lake, mweusi, maridadi, anajigeuza. Fundi akaja. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi na kofia mpya, na nyuma yake mke wake. Alipanda kwenye benchi letu ili aonekane.

"Ndugu zangu," alisema, "lile hori sikujenga mimi. Nilikuwaga mtu wa chokaa. Alijenga baba yake huyu. Mimi nilishika ncha ya kamba nikahesabu. Hesabu ni yangu. Mikono haikuwa yangu."

Mume wangu alisimamisha cherehani. Niliona uso wake na nikajuta kuzaliwa na macho. Ndipo mke wake akacheka. Alicheka kicheko kirefu cha mtu aliyekibana kwa miaka, akasema, "Mume wangu, yaani mimi miaka yote nakuchanganyia chokaa nikisubiri mkono wangu unywee." Kikatuvunja mbavu sote. Tulicheka tukashikana, mume wangu akadondosha sindano, yule mrefu akacheka huku hajui anacheka nini, na Fundi pale juu ya benchi akaanza kutikisika mabega, na machozi yanamtoka, na mpaka leo sijui yale machozi niyaweke upande gani.

Alipopata pumzi akamwomba yule mrefu anyooshe mikono. Bwana harusi akanyoosha, na koti likachanika kwapani, kote kuwili, kwa sauti iliyomfanya mume wangu ashike kichwa. Hatukujali. Kamba ikafungwa mafundo mapya, marefu, tukashuka wote mpaka kwenye hori. Yule mrefu akashika mbele. Fundi akashika ncha ya nyuma, mahali pake pa zamani, akaanza kuhesabu kwa sauti kubwa, nyembamba kidogo, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na nikajua ndiyo ile aliyohesabia siku ile. Thelathini na mbili kwenda juu. Tukalipita banda langu la kuku, tukalicheka. Kumi na nane kushoto. Tukaruka shimo la punda. Fundi alipofika kumi na saba nilianza kuona tunakokwenda, na nikasema kwa nguvu kwamba haiwezekani.

Pima ya kumi na nane iliishia juu ya jiwe langu bapa la kuanikia muhogo, na muhogo ukiwa juu yake.

Nimelianikia jiwe lile tangu ndoa yangu. Nimekaa juu yake na debe tupu kando yangu, nikiwaza mlima wa kurudi toka ziwani. Fundi alisogeza makopa yangu ya muhogo kwa adabu, akagonga jiwe kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio. "Lipo," akasema. Wale vibarua wa nyundo ndio walioleta mitaimbo. Jiwe likainuka, chini yake kisanduku cha mawe safi, na ndani ya kisanduku koki ya chuma na chura mmoja mnene aliyetutazama kama anatudai hodi.

Koki ilipakwa mafuta ya mkia wa kondoo, ikagongwa, ikaombewa dua, na yule mrefu wa Bugwema akaiombea kwa sala ya kwao pia. Ikazunguka. Hakuna kitu. Tulikimbia wote kushuka kwenye hori, kanga mkononi, wazee kwa vijana, tukasimama tukaitazama midomo mitatu ya shaba. Fundi alikuwa wa mwisho kufika. Midomo ikakohoa. Ikatema kutu, ikatema buibui, ikatema matope mekundu, halafu maji, maji mengi, yakajaa beseni na mkaa wangu niliokwisha kuurudisha humo, yakamwagika chini kwenye hori, na dagaa wakavu wakaelea na kuzunguka kama waliokumbuka walikotoka. Mama wa dagaa aliingia mzima mzima kuwaokoa, akatoka amelowa, anacheka kuliko sote.

Mwezi ukaandama na Bwana Mkubwa akafika na kofia yake ya manyoya. Alisifu mjengo, akauliza farasi yuko wapi. Musoma nzima hapakuwa na farasi. Yule mtu wa Kabasa akasogeza punda wake mmoja aliyeogeshwa na kufungwa utepe wa hariri toka kwenye kapu la mume wangu. Punda alilitazama hori, akalipuuza, akainua shingo akanywa kwenye beseni la watu, maana Fundi alilijenga usawa wake. Bwana Shauri akawa mwekundu. Bwana Mkubwa akaona kiu ni kiu, akakinga mkono akanywa pembeni ya punda.

Nilimuuliza Fundi baada ya hapo kama ataacha kiganja chake. Kazi ilikuwa imekwisha na ilikuwa haki yake. Alisema yeye ni mtu wa chokaa, akabadilisha mazungumzo. Miaka ikapita hivyo. Maneno yake matatu sikuyasikia miaka hiyo yote. Alijenga bado, milango mifupi bado, lakini ukimlalamikia aliomba radhi, na nakwambia ule ustaarabu haukumfaa kabisa. Watoto wa Mukendo walikunywa kwenye beseni lile bila kubebwa, mimi nikaota nywele pale palipokuwa na ngata, na kila mtu alipomtaja Fundi alimtaja kwa mapenzi. Yeye peke yake ndiye aliyebaki na shimo lake.

Mara ya mwisho kukutana naye kabla hajaugua na kulala kitandani ilikuwa Ijumaa moja, siku watu wa chama cha uhuru walipokuwa wakikusanyika uwanjani na mtaa uko mtupu. Nilikwenda kuchota maji. Nyuma ya mjengo nikasikia mtu anahema. Alikuwa Fundi, amezeeka, ana bakuli la chokaa mbichi na mwiko. Alikuwa ananyoosha mkono kukifikia kile kiganja kikubwa, aweke chake kando yake, na mkono ulikuwa unaishia mbali sana chini. Aliniona, akaona haya kama aliyekutwa na saruji.

Nilimwambia nina kigoda changu cha vitumbua, nikimbie nikakilete, apande. Alikiwaza. Alichota chokaa kwa ncha ya kidole, akaonja, akafumba macho. Kisha akashusha mkono, akapaka chokaa chini kule, usawa wa kifua chake, akaweka kiganja, akakibana kwa nguvu zake zote, akakitoa.

"Kigoda acha, shemeji," alisema. "Hapa nimepima mimi."

Nilimshika mkono, tukazunguka mbele, nikamnawisha chokaa kwenye mdomo wa katikati.